Dakika Ishirini za Kimya kwa Bosi

Jumatatu, 3 Juni

Kuna jambo. Sijui ni jambo gani, lakini lipo.

Nianze na haki yangu. Mwezi wa Januari bosi alipanda juu ya ndoo ya rangi, mbele ya karakana nzima, akatangaza kwamba mimi mchanganya rangi na mwenzangu mtunza stoo tutaongezewa mshahara kuanzia Aprili. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilijipigia. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu aache kupiga pasi kwa dobi, ajiandikishe lile darasa la ushonaji alilolitamani tangu kabla sijamwoa. Akaacha. Akajiandikisha.

Aprili ikafika. Bosi akasema tumalize kwanza kuhesabu vitu vya stoo. Mei ikafika. Mashine ya kukoroga imeharibika, tuwe na subira. Mashine ikatengenezwa, subira ikabaki kwetu. Leo nimemvizia mlangoni nikamkumbusha kwa heshima zote. Akasema wiki hii hii atalishughulikia. Lakini alisema akitazama dari! Mtu mkweli hatazami dari. Darini kuna nini? Alipoondoka nimekwenda kuangalia. Kuna buibui.

Hilo dogo. Kubwa ni hili: saa nne asubuhi mtunza stoo ameingia ofisini kwa bosi akakaa dakika ishirini. Nimezihesabu. Na huyu ni mtu ambaye karakana nzima tunamwita Kimya! Miaka saba tumefanya kazi ukuta kwa ukuta, na maneno aliyowahi kunambia hayajazi kurasa mbili za daftari hili. "Ndiyo." "Hapana." "Kopo limevuja." Mtu wa namna hiyo anazungumza nini dakika ishirini? Maneno ameyatoa wapi? Alikuwa akiyaweka akiba?

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hilo hata watoto wanalijua.

Mke wangu amesema mwalimu wao wa ushonaji ametangaza: asiyemaliza ada kufikia tarehe kumi na tano hatafanya mtihani. Ametangaza kwa upole, lakini ametangaza. Kisha akanishauri niombe kukaa na bosi, nimkumbushe kazi nilizofanya, nimwombe ataje tarehe, aiandike kwenye karatasi. Basi. Hivyo tu! Nimecheka kimoyomoyo. Maskini, hajui ofisi. Ofisini anayeuliza ndiye anayeonyesha kwamba hajui.

Jumanne, 4 Juni

Kimya ameingia tena kwa bosi! Saa nne ile ile.

Chumba changu cha kuchanganyia kimepakana na ofisi kwa ukuta wa mbao. Nimechukua kopo tupu, mdomo wake nikaubandika ukutani, sikio nikaliweka kwenye kitako. Wengine hutumia bilauri. Kopo ni bora, lina mwangwi.

Nayaandika niliyoyasikia kama yalivyonifikia, vipande vipande. "...miaka saba sasa..." Hiyo sauti ya bosi. "...kelele nyingi, kazi kidogo..." Bosi tena. Halafu, Mungu wangu: "...bora tuuze kama chuma chakavu."

Na Kimya akajibu, "Ndiyo."

Ndiyo! Mwenye miaka saba hapa ni nani? Mimi. Mwenye kelele ni nani? Hilo sijibu. Lakini chuma chakavu! Binadamu mzima, mwenye mke na vyeti viwili!

Nimetoka chumbani nimepauka. Karani, dada mmoja anayeijua barua kabla hajaifungua, akanitazama akaniuliza tangu lini nimeanza kuvaa hereni. Kumbe kitako cha kopo kilikuwa na rangi mbichi. Duara la krimu limezunguka sikio zima. Nimelisugua kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mpaka sikio likawa jekundu, limeniwaka moto kutwa. Bosi alipopita akaniambia nijihadhari na jua.

Mke wangu anasema sikio hilo ningelipeleka mbele ya bosi, si nyuma ya ukuta wake. Hajui hali ilivyo.

Lakini nimepata mpango. Mfanyakazi anayetakiwa kwingine ndiye anayethaminiwa kwao. Kesho nitaonekana mtu anayekwenda kwenye usaili. Sitatamka neno. Nguo ndizo zitakazosema.

Jumatano, 5 Juni

Suruali nyeusi. Shati jeupe. Tai nyeusi niliyooa nayo. Viatu vinang'aa kama vimelambwa. Nilikusudia bosi anione, ashtuke, ajiulize: huyu anakwenda wapi? Nani anataka kuninyang'anya mchanganya rangi wangu?

Bosi ameniona. Ameshtuka. Mpaka hapo mpango ulikuwa mzuri sana.

Akanishika bega. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hakuna msiba. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye: nafasi ilikuwepo, kama ya kuvuta pumzi moja. Lakini Karani alikuwa ameshavua miwani, machozi yanamlenga. Wabebaji wawili wa ndoo wamevua kofia. Utawaambiaje watu waliovua kofia wazivae tena? Nikasema: mjomba.

Nimemchagua mjomba kwa sababu sina. Sikutaka kumdhuru mtu.

Bosi akaniamuru nirudi nyumbani mara moja. Nikamwambia naweza kazi. Akasema kazi ipo tu, lakini damu ni nzito kuliko maji. Kisha akasema lililonikata maini: leo saa tano alikuwa ametenga muda azungumze nami na mtunza stoo kuhusu ile nyongeza, ila si uungwana kumzungumzisha mfiwa mambo ya mshahara. Itasubiri.

Itasubiri!

Nimezunguka mitaani na tai yangu mpaka saa tisa. Watu wawili nisiowajua wamenipa pole.

Hayo hayakutosha. Saa kumi na moja jioni, hodi. Kimya! Mkononi mfuko wa machungwa. Mke wangu ndiye aliyefungua. Kimya akasema, "Poleni." Mke wangu akauliza pole ya nini. Nikaruka kutoka chumbani nikasema: ya mjomba. Mke wangu akanitazama kwa muda unaotosha kushona pindo la gauni zima. Kisha, Mungu ambariki, akavuta kiti akamkaribisha mgeni.

Kimya akakaa saa nzima. Hakusema kitu. Alitazama madaftari ya ushonaji mezani. Alitazama redio. Alipokuwa anaondoka akanishika mkono akasema, "Usiwaze kazi."

Maneno mawili. Yana maana gani? Nisiiwaze kwa sababu sitakuwa nayo?

Amekuja kupeleleza, hilo halina mjadala. Machungwa ni matamu mno, nalo hilo ni la kutilia shaka. Nimekula manne.

Mke wangu ameuliza swali moja tu: huyu mjomba tunamzika lini?

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Nitaiandika polepole.

Asubuhi nimeingia kazini kwa mwendo wa mfiwa. Kazi kubwa inasubiri: ndoo kumi na mbili za kijani, za madarasa ya shule. Nipo nachanganya, mlango wazi, namwona Kimya anampa Karani bahasha ya kaki. Nene. Nikamsikia akisema, "Ifike kabla ya kesho." Karani akaiweka kwenye trei ya bosi akaipigapiga mgongoni kama mtu anayebembeleza mtoto.

Bahasha! Siku moja baada ya kunitembelea! Nikajua papo hapo. Ripoti. Msiba hakuna, mjomba hakuna, redio ni mpya. Nifukuzwe, na nyongeza yangu aongezewe yeye.

Mchana bosi hayupo, Karani ametoka kwenda kula. Mikono yangu ilikuwa ya kijani, lakini jambo kama hili halingoji maji na sabuni. Nikaichukua bahasha. Nilitaka kuisoma tu, kisha niirudishe. Mara viatu vya Karani, ko ko ko, vinarudi. Amesahau pochi. Nikakimbilia chumbani kwangu, bahasha chini ya shati. Akachungulia kunisalimia. Nikainama juu ya ndoo kama nakagua rangi. Bahasha ikateleza.

Chubwi!

Na mashine ilikuwa inazunguka. Mtu aseme atakalo kuhusu mashine ile, kukoroga inajua.

Nilipoizima mashine, bahasha haikuwepo tena. Kulikuwa na kijani chenye vipande. Nimeopoa kimoja, kiasi cha kiganja, nikakipangusa. Mwandiko mzuri wa duara. Sikujua Kimya ana mwandiko mzuri namna ile. Kinasema hivi:

"...kwa niaba yangu na ya mwenzangu mchanganya rangi, ambaye kwa sasa yuko katika majonzi na hawezi kuandika mwenyewe. Ni fundi ambaye jicho lake halijakosea rangi kwa miaka saba. Tunaomba nyongeza tuliyoahidiwa itajiwe tarehe, kwa maandishi..."

Nikakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa haina kifuniko.

Karani aliporudi kutoka kula nimemzungukazunguka kwa maswali, nimeegemea ukuta ili asinione nyuma. Akanieleza yote kama anayesoma ubao. Mwenye nusu ya karakana hii ni Bi Mkubwa, dada yake bosi. Huja mara moja kwa mwaka. Bila yeye bosi hana kauli juu ya mshahara wa mtu, na bosi anamwogopa dada yake tangu utotoni. Ndiyo maana ametupiga kalenda tangu Aprili. Jumatatu Kimya alimbana. Bosi akasema basi leteni barua, Bi Mkubwa anakuja Ijumaa saa sita, nitaiweka mbele yake. Barua isipokuwepo, tuonane mwakani. Kimya alikuwa aniambie Jumatano. Jumatano nikawa mfiwa.

Na chuma chakavu? Mashine ya kukoroga. Ilinunuliwa mwezi niliopata kazi.

Dakika ishirini. Alikuwa akinisemea mimi.

Kisha Karani akauliza kwa nini trei ya bosi ina alama ya kidole gumba cha kijani. Nikasema sijui. Akatazama mikono yangu. Akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akatazama suruali yangu. Akachukua kitambaa chenye thina akaifuta ile alama mwenyewe. Naye ana lake, huyo. Mtu hafuti bure.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kila kitu. Alikuwa anapima kitambaa, akakiweka chini. Akasema, "Mimi nimeacha kazi kwa ahadi yako, sijakulaumu hata siku moja. Leo nakuomba jambo moja. Nenda kwa yule baba wa machungwa umwambie ukweli. Si mbali."

Nimekwenda. Nimefika mpaka kwenye kona ya mtaa wake. Hapo nikapata wazo bora zaidi: kwa nini nimtie mtu uchungu? Barua nitaiandika upya mimi mwenyewe, niiweke kwenye trei kabla hajajua. Nikarudi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeiandika alfajiri, kwa mwandiko wa duara kadiri nilivyoweza. Ile sehemu ya kunisifu nimeirefusha kidogo ili barua iwe na uzito. Nikafika mwisho, mahali pa sahihi. Kalamu ikasimama.

Jina lake nani?

Miaka saba! Nimekula machungwa yake! Nikamwuliza mke wangu kama alitaja jina juzi. Akasema ningekwenda jana kama alivyoniambia, ningelijua. Saa inakimbia. Nikaandika: Kimya, mtunza stoo. Nikachora mkia mrefu chini yake ili ifanane na sahihi.

Nimefika kazini wa kwanza, au ndivyo nilivyodhani. Nikaitumbukiza barua kwenye trei bila kutazama, nikakimbilia chumbani kwangu.

Saa sita Bi Mkubwa akaingia. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, hakai mpaka afute kiti. Tukaitwa mimi na Kimya. Bosi amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Bi Mkubwa akasema ana barua mbili za mtu mmoja kuhusu jambo moja.

Mbili!

Nikamtazama Kimya. Kimya akatazama mikono yake. Kumbe jana jioni Karani alimwambia bahasha haionekani. Na Kimya ni mtu wa stoo. Kila anachoandika anaandika mara mbili. Alfajiri kaja na nakala yake.

Bi Mkubwa akasoma zote kwa sauti. Ya kwanza fupi, safi, kila neno mahali pake. Ya pili ikaniita nguzo. Ikaniita jicho la tai. Ikasema karakana bila mimi ni nyumba iliyojengwa gizani. Nilipoiandika ilikuwa nzuri. Ikisomwa na mwanamke yule ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Alipofika mwisho akavua miwani akauliza, huyu Kimya ni nani? Kwenye mafaili yake hakuna mtu wa jina hilo. Ametia sahihi nani hapa?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa naelekea kusema ukweli, nadhani.

Kimya akasema, "Ni mimi. Zote mbili ni zangu. Hilo ndilo jina wanaloniita hapa."

Sentensi tatu! Bosi aligeuka akamtazama kana kwamba kabati limezungumza. Hata Bi Mkubwa, asiyemjua, alihisi kuna kitu kikubwa kimepita chumbani.

Akasema barua ya kwanza inatosha. Kisha akamgeukia mdogo wake akamwuliza, ahadi ya Januari yeye anaisikia Juni kwa nini? Bosi akatazama dari. Bi Mkubwa naye akatazama dari. Akasema, "Mna buibui."

Akaandika palepale. Nyongeza kuanzia mwezi huu, na ya Aprili na Mei ilipwe Jumatatu. Akatia sahihi, Karani akagonga muhuri. Dakika kumi! Miezi mitano tumezungushwa kwa jambo la dakika kumi!

Mchana Kimya akaja chumbani kwangu na kitambaa cha kuchujia. Sikumwita. Tukashika ncha huku na huku, tukachuja ile ndoo ya kijani. Vipande vya karatasi vikawa vinabaki juu ya kitambaa. Kimoja kilikuwa na herufi zake, za duara. Akakiokota, akakitazama, akakiweka kando.

Nikasema, "Kaka, ile barua..."

Akasema, "Karatasi ni nyepesi. Hupeperuka." Akaendelea kuchuja.

Macho yakaniwasha. Thina ya siku hizi ni kali.

Nikamwuliza jina lake. Akaniambia. Ni jina zuri, lenye heshima. Hapa siliandiki, madaftari husomwa.

Mke wangu ameisoma ile karatasi yenye muhuri mara mbili, akaiweka ndani ya daftari lake la ushonaji, akakaa kitandani akalia kidogo. Mtihani atafanya. Alipojipangusa akasema nione sasa: mtu ameomba tarehe, ameomba kwa maandishi, amepewa. Nimemkubalia kwa moyo wote.

Jumamosi, 8 Juni

Wiki hii imenifunza. Moyo wa shaka ni kutu, unakula chombo chenyewe. Nimeapa sitamshuku tena binadamu bila sababu. Naandika kwa wino ili isifutike.

Leo ni mapumziko, nikaitoa ile karatasi niifurahie tena. Nyongeza yangu na ya Kimya zinalingana. Sawasawa kabisa. Nikaanza kuwaza, bila ubaya wowote. Mtu aliyeshika kalamu yeye mwenyewe, asijipendelee hata kidogo? Nani hufanya hivyo? Na zile sentensi tatu mbele ya Bi Mkubwa, amezitoa bure? Mtu wa stoo hatoi kitu bila kukiandika mahali.

Halafu jana, tunatoka getini, akanigeukia akasema, "Jumapili mje kula kwetu. Wewe na shemeji."

Maneno saba! Kwa mpigo mmoja!

Mke wangu amefurahi kupita kiasi. Amenyoosha gauni alilolishona darasani, anauliza tubebe nini. Mimi najiuliza mengine. Kwa nini Jumapili? Kwa nini kwake? Kuna nini kwake anachotaka nikione? Au kuna nini kwingine asichotaka nikione, ndiyo maana ananitaka kwake?

Sisemi kuna jambo. Nimeapa. Nimemwambia mke wangu tutakwenda, na apige hodi saa saba kamili, wakati wa chakula. Mimi nitakuwa nimeshafika tangu saa tano, uani kwake, chini ya dirisha la jikoni.